Mlango wa Jirani Juu ya Paa Letu

Mtu akikupa kitu kwa roho safi, kisha akaja kukidai siku hiyohiyo, mvua inanyesha, tena anakidai kutoka juu ya kichwa cha mzazi na kichanga chake, utamwitaje? Mimi nilimwita majina yote niliyofundishwa Tanga, na Tanga hatukosi majina. Na mzazi mwenyewe aliyekuwa chini ya kitu hicho nilikuwa mimi, kwa hiyo asiniambie mtu nimetia chumvi.

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Rebero, hapa Kigali, kwenye mteremko, mimi na mume wangu. Mimi nauza vitenge Gisimenti. Yeye ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, ndiyo maana Kiswahili kilitukutanisha kabla ya kitu kingine chochote. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma, ukuta wake umeegemea kilima kilichochimbwa, hakina dirisha hata moja. Mwenye nyumba, ili asipoteze mpangaji, alikata paa na dari akaweka kioo kikubwa, karibu ukubwa wa mlango, jua lishuke kutoka juu. Alijisifu nacho mno. Na kweli, chumba kile kilikuwa na joto kuliko sehemu yoyote ya nyumba, maana upepo wa Rebero haukuwa na pa kupenyea, na asubuhi jua lilitua kitandani moja kwa moja.

Mtoto wetu alikuja kabla ya wakati wake. Wakatulaza hospitali mpaka alipoongeza uzito kidogo, na siku ya kuturuhusu nesi alinishika bega akanikazia macho: mtoto akae kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na asipigwe baridi. Baridi itamuua huyu. Alisema hivyohivyo, bila kupamba.

Mama yangu akapanda basi kutoka Tanga kuja kunilea. Alifika na pilipili manga, mdalasini, samli na amri zake. Mama alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Amri ya kwanza: mtoto haonwi na mtu wa nje mpaka arobaini. Si jirani, si rafiki, si nani. Macho ya watu hayana pazia, alisema, na mtoto mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza kupumua.

Sasa, jirani yetu wa karibu alikuwa bibi mmoja mjane, nyumba yake iko juu yetu mlimani, na ukiwa barazani kwake unauona ua wetu wote. Alikuwa mtu wa misa kila asubuhi, kitenge kimepangwa vizuri, salamu yake ya kichwa tu, maneno ya kuhesabu. Kwa desturi ya huku, mzazi hupelekewa maziwa, na yeye alileta. Mama akayapokea pale getini, akashukuru, akafunga geti. Bibi hakulalamika. Aliinamisha kichwa akapanda zake.

"Jirani gani huyu," Mama akaniambia, "haombi hata moto? Anatuangalia tu kutoka juu huko." Nikamwambia Kigali watu ndivyo walivyo, kila mtu na lake ndani ya geti lake. Mama akasonya.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya Umuganda. Kwa asiyejua, asubuhi hiyo mji mzima husimama. Maduka yanafungwa, magari hayatembei, watu wanatoka na majembe kusafisha mtaa wao mpaka kazi iishe. Mume wangu alikuwa chini huko anazibua mtaro na wenzake. Mimi nilikuwa kitandani, mtoto kifuani, najipigia usingizi ule wa mzazi, jicho moja limefumba na jingine linalinda.

Mvua ilianza kwa mawe. Siyo manyunyu kwanza, hapana, mawe. Bati likalia mpaka sikusikia sauti yangu mwenyewe nikimwita Mama. Nikatazama juu, nikaona kioo kimepata ufa, ufa ukatembea, na kabla sijasema bismillahi kioo chote kikashuka.

Nilijikunja juu ya mtoto. Hilo tu ndilo nakumbuka kulifanya. Vipande vilinipiga mgongoni na shingoni, kisha maji, kisha mawe ya barafu yanadunda kitandani. Mtoto hakulia. Nilipomwangalia alikuwa amelowa kichwa na midomo inatetemeka, na mimi nikahisi akili inanitoka. Mama aliingia akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka mjini. Akatukokota mpaka chumbani kwake, akamkausha mtoto kwa kanga, akamrudisha kifuani kwangu, huku analia na kumtukana mwenye nyumba kwa zamu.

Yowe lile lilileta watu. Mume wangu aliingia na tope mpaka magotini, na wanaume wanne watano wa Umuganda nyuma yake. Jamani, wale watu hawakuuliza swali. Wakaleta ngazi, wakapanda na shitingi, lile turubai la plastiki linalofunika kila kitu mji huu. Upepo ukawapokonya. Wakarudia, ukawapokonya tena. Ikawa wazi kwamba pale panataka ubao, kitu kizito cha kuziba tundu mpaka fundi aje na kioo kipya. Na ubao utaupata wapi, duka la vifaa limefungwa? Milango yetu ilikuwa ya chuma, imechomelewa. Mume wangu alisimama juu ya paa akigeuka huku na huku, na maji yanaingia chumbani kama mtu kafungulia bomba.

Ndipo sauti ikatoka mlimani. Bibi wa juu alikuwa amesimama barazani kwake na mwavuli. Alisema neno moja kwa Kinyarwanda, wanaume wakapanda kwake, wakashuka na mlango. Mlango wa mbao nzito wa jiko lake la nje, ameung'oa mwenyewe bawabani kabla hata hawajafika. Nilimwona kupitia dirisha la chumba cha Mama. Nikasema, Mungu ambariki mwanamke yule, na Mama akaitikia amina.

Mlango ulitosha utadhani ulipimwa. Wakaupigilia misumari, wakaweka mawe juu, wakatandika shitingi, wakaziba kingo kwa matambara na mifuko ya plastiki, halafu mume wangu akashuka akaingia ndani akatazama juu. Hakuna hata tone. "Hata mbu hapiti," alisema, anacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Na mimi nilicheka. Tulikuwa tumepona, au ndivyo tulivyojua.

Chumba cha Mama kilikuwa na dirisha linalotazama upepo, baridi yake unaisikia kwenye meno. Chumba chetu kililowa lakini hakina upepo. Mama akafagia vioo, akapiga deki, akageuza godoro, akatandika upya. Kisha akafanya kile ambacho bibi yake alimfanyia mama yake, na mama yake akamfanyia yeye. Akawasha jiko la mkaa uani, chini ya kipenu, akalipepea mpaka mkaa ukawa mwekundu wote na moshi umekwisha, akaliingiza chumbani akaliweka miguuni mwa kitanda. Mzazi huotea moto. Kwetu hilo halina mjadala. Nikaingia na mwanangu, Mama akafunga mlango wa chumba, akasokomeza kanga kwa chini ili joto lisitoroke, akaenda jikoni kunipikia uji wa pilipili manga.

Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Joto lilinipanda kutoka nyayo. Mtoto alilegea kifuani, midomo imepata rangi. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha, lakini juu yangu kulikuwa na mbao nene za mtu mwema. Nikafumba macho.

Kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni mshtuko. Kisha miguu ikawa mizito, nikasema ni uchovu. Nilitaka kumwita Mama aniletee maji, nikaona uvivu, nikasema nitamwita baadaye. Sauti za watu zilikuja kutoka mbali sana, ingawa walikuwa sebuleni kwetu hapo hapo.

Ilikuwa sauti ya bibi wa juu. "Nataka salimia mtoto," alisema, kwa Kiswahili chake cha Kigali.

"Arobaini bado, mama," Mama alijibu. "Tumekushukuru sana, Mungu akulipe. Mtoto amelala."

"Kidogo tu. Naomba fungua kidogo."

"Haifunguliwi. Samahani, ndiyo desturi yetu."

Nikasikia mume wangu anamkaribisha kiti. Halafu bibi yule, ambaye hajawahi kuinua sauti tangu tuhamie, akasema kwa nguvu, nyumba nzima isikie, "Basi mimi iko nataka mulango yangu."

Mume wangu hakuelewa. Akasema, "Mama, mvua ikikatika—"

"Hapana. Nonaha. Sasa hivi. Ndashaka urugi rwanjye!"

Nataka mlango wangu. Hayo Kinyarwanda changu kilitosha. Nililala pale nikiwaza, hivi nimesikia sawasawa? Mvua ya mawe, mtoto aliyezaliwa wa miezi saba, na huyu anadai mlango? Mume wangu alimwomba. Nilimsikia akimwomba kama mtoto anavyomwomba mzazi, anasema maduka yakifunguliwa atamnunulia mpya, atamnunulia miwili. Mama yeye hakuomba. Mama alilipuka.

"Lahaula! Mwanamke huna haya wewe! Unatoa kwa mkono wa kulia unanyang'anya kwa kushoto? Wewe umezaa wewe? Mjukuu wangu afe kwa sababu ya mlango wa jiko? Toka! Toka nyumbani kwa mwanangu!"

Bibi akatoka, lakini hakurudi kwake. Nilichosikia baadaye ni vishindo kwenye ngazi, na sauti za wanaume mtaani wakisema e-e-e, na mume wangu akipiga kelele, "Mama, utaanguka!" Bibi yule, mtu wa makamo, kitenge kiunoni, alikuwa amepanda paa letu kwenye mvua. Jiwe likabingirika juu yangu. Jingine. Mume wangu alipanda nyuma yake, mwanzoni amshike asianguke, na baadaye, aliniambia, kwa hasira tu. Akasema moyoni, chukua mlango wako uende nao kaburini, akang'oa misumari yeye mwenyewe.

Mwanga ukaniingia machoni, na maji baridi usoni. Nilitaka kumfunika mtoto. Nikaiambia mikono yangu ifanye hivyo na mikono haikufanya. Hapo ndipo niliogopa. Mkono wangu upo, nauona, naupa amri, haunisikii. Katika tundu palikuwa na uso wa bibi wa juu, umelowa, kilemba kimemfunguka, ananitazama mimi, anamtazama mtoto, anatazama miguuni mwa kitanda.

"Amuka!" aliniita. "Mwana wangu, amuka! Lia!"

Kisha akageuka akamnong'oneza mume wangu sikioni. Sikumsikia. Niliona tu uso wa mume wangu ukibadilika, akapotea kutoka kwenye tundu. Sekunde hiyo hiyo, naona mimi, akaurukia mlango wa chumba kwa bega, akalibeba jiko kwa mikono mitupu mpaka nje, akarudi akatuzoa mimi na mtoto pamoja. Mtoto wangu alining'inia. Shingo haina kazi. Tulipotoka kwenye mvua mume wangu alimpuliza, akampapasa, akamwita, na mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye tope natapika, nasubiri. Halafu akalia. Kilio chembamba, cha paka. Sijasikia sauti nzuri kuliko ile, na sitaisikia.

Umuganda ulikuwa umekwisha, gari ikapatikana. Nyuma yetu Mama alibaki getini analia na kumlaani bibi wa juu mbele ya mtaa mzima, kwamba amefungua paa, ameingiza baridi, amemuua mtoto. Bibi alikuwa amesimama kando ya mlango wake uliolala chini. Hakuna aliyemkinga na mwavuli.

Hospitali walitutia hewa ya mitungi, mimi na mwanangu. Daktari aliuliza swali moja: "Mlikuwa na imbabura ndani?" Imbabura ndiyo jiko la mkaa. Mume wangu akasema ndiyo. Daktari akafumba macho kidogo, akasema chumba hakina dirisha, mmeziba na juu, mkaa unakula hewa yote na unatoa sumu isiyo na harufu, mngechelewa kidogo nisingekuwa naongea na nyinyi. Kwetu Tanga upepo unapita chini ya paa, unapita kwenye nondo za dirisha, jiko chini ya kitanda cha mzazi halijamuua mtu ninayemjua. Rebero tulikuwa tumejifungia ndani ya sanduku.

Usiku mume wangu akaniambia alichonong'onezwa juu ya paa. Bibi aliona kutoka barazani kwake jiko linaingia ndani. Akasubiri alione linatoka. Halikutoka. Akashuka. Angeweza kusema mbele ya wote, nyie, huyu mama anaua mjukuu wake, na mtaa wote ungejua. Alijaribu kwanza kuingia kusalimia, akanyimwa. Ndipo akadai mlango. Na maneno aliyomwambia mume wangu yalikuwa haya: watoe sasa hivi, ni imbabura, lakini mama mkwe wako usimwambie. Mama aliyepanda basi kuja kulea mjukuu, akijua hili, hatamshika tena mtoto maisha yake yote. Mwambie ni baridi. Mwambie ni mimi.

"Ni wewe?" mume wangu alimuuliza.

"Mimi nimezeeka, watasema watanyamaza."

Nilipiga ngumi godoro. Nilisema haiwezekani, nitamwambia Mama, haki ya Mungu nitamwambia, hatuwezi kumwacha mtu aliyetuokoa atukanwe! Mume wangu akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama nimewahi kumwona Mama akimbeba mtoto. Nimemwona. Anavyomwimbia, anavyomnusa utosini.

Tuliporudi, mume wangu alimwambia Mama kwamba mwenye nyumba amekataza mkaa ndani, akanunua hita ya umeme. Mama akasema wenye nyumba wote ni mashetani. Mtoto alinenepa mikononi mwake. Bibi wa juu mtaani wakamwita Mama Mlango. Watu walimwamkia kwa ukavu, wengine hawakumwamkia kabisa. Mimi nilikwenda kwake siku moja kwa mlango wa nyuma, nikapiga magoti, nikamsihi aniruhusu niseme, hata kwa watu wawili watatu. Akaniinua. "Mama yako akiwa bado hai, hapana," alisema. Wakati huo Mama alikuwa sebuleni kwangu anakuna nazi, anauliza kwa sauti nimekwenda wapi.

Mama alirudi Tanga baada ya arobaini. Kwa miaka yote iliyofuata, kila akipiga simu, akishamaliza kumuulizia mjukuu, anauliza, "Na yule mdai mlango? Bado yupo? Hajaanguka paani tena?" Na anacheka kicheko chake kikali. Mimi nilikuwa nasema yupo, mama, hajambo, huku nimeuma mdomo. Zilikuwa simu za kunitoa jasho.

Mama amefariki mwaka huu. Alikufa amemshika mkono mjukuu wake, ambaye sasa yuko shule ya msingi na ana mdomo kama wake. Nilimzika, nikakaa matanga, nikarudi Kigali.

Bibi wa juu alishuka jioni ileile niliyofika, mkongojo mkononi, maana sasa ni mzee kweli. "Mwihangane," alisema, pole yao ya msiba, akanishika mikono yote miwili. Tulikaa. Kisha akaniuliza, anatazama sakafu, "Mama yako. Kabla ya kufa. Alinisamehe?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, wowote ungetosha, mgonjwa amesema hivi, mgonjwa amesema vile. Lakini yule mwanamke nilishamdhulumu vya kutosha kwa kunyamaza. Machozi yakanitoka.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Hakukusamehe. Amekufa akikuchukia."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakamshuka, akanipigapiga mkono.

"Ni muzuri," alisema. "Basi haukumuambia."